Usimcheke Anayeagiza ya Moto

Kuna swali ambalo Mtanzania anayekunywa bia ameulizwa mara nyingi kuliko anavyoulizwa habari za nyumbani: "Ya baridi au ya moto?" Utaulizwa Kariakoo. Utaulizwa Njombe, ambako hali ya hewa yenyewe ni friji. Na utaulizwa Kilindoni, kisiwani Mafia, ambako ndiko nimeandikia makala haya nikisubiri boti ya kurudi Nyamisati.

Nimechoka kusikia swali hili likichekwa. Wageni wanalicheka wakirudi kwao na kusimulia safari, hilo nimeshalizoea. Kinachonikera ni kwamba siku hizi tunalicheka wenyewe, hasa sisi wa Dar tuliosomasoma, na tunamcheka zaidi yule anayejibu bila aibu, "Niletee ya moto." Tunamwona mshamba, au mzee kabla ya wakati wake, au mtu aliyekulia pasipo na umeme.

Basi leo namtetea huyo mtu. Nina maslahi binafsi, nayatangaza mapema: mimi pia nakunywa ya moto. Na wewe msomaji usiyegusa pombe, usifunge ukurasa. Swali hilihili unaulizwa ukiagiza soda, na ubishi wenyewe, ukiufuata hadi mwisho, unahusu nani ana haki ya kutuambia kitu chetu kiweje.

Tuanze na lugha, maana hapa kwetu ndiyo kazi yetu. Bia ya moto haijapita jikoni. Imetoka kwenye kreti pembeni ya ukuta, ina joto la chumba kilichoitunza, ambalo kwa Mafia ni kama nyuzi 27 hadi 30 kutegemea msimu. Mgeni akitafsiri neno kwa neno anadhani tunachemsha bia. Kumbe Kiswahili cha baa kimegawa vinywaji katika mafungu mawili tu: kilichotoka kwenye friji na kisichotoka.

Neno vuguvugu tunalo, tena zuri, lakini hujawahi kumsikia mtu akiagiza bia ya vuguvugu. Vuguvugu lina lawama ndani yake. Ni kitu kilichokusudiwa kuwa moto au baridi kikashindwa. Mapenzi yanakuwa vuguvugu. Muumini anakuwa vuguvugu, na aliyesoma kitabu cha Ufunuo anakumbuka waumini wa Laodikia walivyoambiwa kuhusu hilo. Bia iliyotoka kwenye friji ikasahauliwa mezani nusu saa, hiyo ndiyo vuguvugu. Bia ya moto haijashindwa chochote. Iko vile ilivyoagizwa iwe. Lugha yetu ilishafanya uamuzi hapo: ikakataa kuiita pungufu, ikaipa jina lake kamili.

Najua mtu atanirushia neno "poa". Vijana wakisifu kitu wanasema poa, na kupoa ni kupungua joto. Sawa. Lakini habari nzuri tunaziita motomoto, mshambuliaji anayefunga tunasema yuko moto, na ukimpelekea mama mkwe chai iliyopoa utajua mwenyewe. Kiswahili hakina upande katika ubishi huu. Kinatuachia tuchague, na hapo ndipo ninapotaka tufike.

Mwenzangu katika ubishi ni mwalimu wa sekondari, mtu wa Moshi, aliyehamishiwa Mafia na akaipenda. Tulikuwa watu wanne kwenye baa ndogo. Niseme hapa kwamba Mafia ni kisiwa cha Waislamu kwa wingi mkubwa. Watu wengi hawagusi pombe, baa ni chache, na zenyewe zina adabu ya kukaa pembeni. Wateja wake ni zaidi sisi wa kuja: watumishi waliohamishwa, mafundi, wafanyabiashara, mwandishi wa habari aliyekwama. Mhudumu akaja, akauliza swali lake. Mimi nikasema ya moto. Mwalimu akaweka simu chini taratibu.

"Mwandishi, hivi wewe chuo kikuu ulisoma kweli?"

"Nilisoma, mwalimu. Hapakuwa na kozi ya friji."

"Dada, usimsikilize. Mletee ya baridi, ameshinda juani."

"Mwalimu, mwache kaka wa watu anywe anachotaka," akasema mhudumu. "Zote bei moja."

Ubishi ukaanza, na ulikuwa wa kirafiki, ule wa kupiga meza na kununuliana. Mwalimu ana hoja tatu, na kwa haki yake nitazipanga vizuri kuliko alivyozipanga yeye usiku ule. Kwanza, bia tunayokunywa ni laga, na laga ilizaliwa kwenye baridi; kuinywa ya moto ni kuikosea mwenye kuitengeneza. Pili, pwani kuna joto, na kinywaji baridi kinapoza koo na mwili. Tatu, na hii aliisema akiwa amenyanyua kidole: bia ya moto ni kumbukumbu ya shida. "Wazee walikunywa ya moto kwa sababu hawakuwa na umeme. Leo umeme upo. Kwa nini uishi kama vile bado kuna mgao?"

Hoja ya kwanza ina ukweli nusu. Neno laga linatokana na neno la Kijerumani la kuhifadhi ghalani. Hamira ya bia hii hufanya kazi polepole kwenye ubaridi, na huko Bavaria, tangu amri ya mwaka 1553, ilikatazwa kupika bia wakati wa kiangazi kwa sababu ilikuwa ikiharibika. Walikata barafu za maziwa wakati wa baridi na kuzirundika kwenye mahandaki. Mwaka 1842 mji wa Pilsen ukatoa ile bia ya rangi ya dhahabu ambayo karibu kila laga tunayoijua ni mjukuu wake. Kisha katika miaka ya 1870 Carl von Linde akatengeneza mitambo yake ya kupoza, na kiwanda cha bia cha Spaten cha Munich kikawa cha kwanza kuijaribu.

Angalia vizuri historia hiyo inasema nini. Baridi ilihitajika kiwandani, wakati wa kuchachusha na kuhifadhi. Ni suala la upishi. Biskuti inaokwa kwenye joto kali, na hakuna anayesema lazima uile ikiwa bado inaunguza vidole. Kwamba bia ilipikwa kwenye baridi hakutuambii inywewe kwenye nyuzi ngapi.

Na kama tunataka kusikiliza mila ya watengenezaji, mbona tunasikiliza ya Wajerumani tu? Mwalimu ni Mchaga. Mbege ya kwao, ya ndizi na ulezi, haijawahi kudai friji. Ulanzi wa Iringa unatoka kwenye mwanzi kwenda mdomoni. Rubisi ya Wahaya, wanzuki ya asali, komoni, zote zinanywewa kwa joto la mahali zilipo, na hakuna mzee wa Kibosho aliyewahi kuirudisha mbege kwa kuwa haikutoa ukungu kwenye kata.

Hapa Mafia mnazi ndio mti wenyewe. Waarabu wa Oman walipanda mashamba makubwa ya minazi katika karne ya 19, na mpaka leo ukipita kati ya Kilindoni na Utende unaona mistari yao. Minazi hiyo hugemwa tembo, na tembo lina saa yake. Asubuhi ni tamu kama maji ya matunda. Jioni limekolea. Kesho yake linaelekea kwenye siki. Anayelijua anachagua saa ya kulinywa. Huyo ni mtu anayejali ubora wa kinywaji chake kuliko wengi wetu wenye friji, na kipimo chake hakina nyuzi hata moja.

Tuna methali inayotoka kwenye kazi hiyo: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Naitumia dhidi ya baridi. Ubaridi mkali hufa ganzi ulimi. Mwaka 2005 watafiti walichapisha kwenye jarida la Nature kwamba njia inayopeleka habari za utamu kutoka kwenye seli za ulimi huamka zaidi joto linapopanda, kati ya nyuzi 15 na 35. Huhitaji jarida kulithibitisha. Onja aiskrimu iliyoyeyuka, utashangaa ilivyo na sukari. Kunywa soda ya moto, utajua kwa nini watoto wanaipenda. Bia ikiwa nyuzi 3 au 4 husikii kimea wala uchungu wake vizuri. Unasikia gesi na ubaridi, basi. Sasa kama mteja anasifia ubaridi tu, mtengenezaji ana sababu gani ya kuhangaika na ladha? Tangazo la bia linakuonyesha chupa inayotoka jasho na vipande vya barafu vinavyoruka hewani. Shayiri haionyeshwi sana. Tumemsifia mgema kwa kitu ambacho si tembo.

Anayekunywa ya moto hana pa kujificha, na bia yake pia haina. Kila kasoro anaisikia. Ndiyo maana wanywaji wa ya moto ninaowajua ni watu wa kushikilia aina moja ya bia miaka 20, na ukiwabadilishia chupa gizani watakuambia.

Hoja ya pili, ya joto, naiheshimu. Ukishinda juani, ukashuka na jasho la siku nzima, chupa ya baridi ina raha ambayo nisingethubutu kuibishia. Lakini hiyo ni kiu, na kiu inatibiwa na maji. Dafu lililoangushwa sasa hivi linafanya kazi hiyo vizuri zaidi. Wazee waliweka maji kwenye mtungi, udongo ukanyonya, maji yakavukiza taratibu na kupunguza nyuzi kadhaa. Hapa pwani yenye unyevu mtungi haupozi kama Dodoma kwenye hewa kavu, ila unatosha. Bia ni kinywaji cha mazungumzo, na hapo ndipo baridi inaharibu. Ukiwa na chupa ya baridi katika nyuzi 30 za Kilindoni una mashindano na jua. Kila dakika unayoongea bia yako inaharibika, kwa hiyo unakunywa haraka, unaagiza nyingine, unakunywa haraka tena. Mwalimu alimaliza mbili nikiwa nusu ya kwanza yangu. Alikuwa akinikatiza kila mara ili awahi. Bia ya moto haina haraka, imeshafika inakokwenda. Unaweza kuiacha mezani ukasimulia kisa chote cha meli ya Königsberg kule Rufiji, ukairudia ikiwa ileile.

Kuna jambo moja lazima tulitenganishe, maana mwalimu alilichanganya makusudi. Bia kukaa miezi kwenye ghala lenye joto inachakaa, na bia kuanikwa juani inanuka. Hilo ni kosa la utunzaji, na ya baridi inayapata yaleyale: ikiharibikia ghalani, friji haiifufui, inaficha tu harufu. Nadai bia ya moto iliyotunzwa kivulini na ambayo haijapitwa na tarehe. Na ya moto ina povu jingi zaidi, kwa kuwa gesi haikai kwenye kimiminika chenye joto. Basi inamisha glasi, mimina taratibu. Hiyo nayo ni adabu ya meza.

Sasa hoja ya tatu, ile ya shida. Hii ndiyo iliyonifanya niandike.

Nenda Uingereza. Bia yao ya asili, ile inayovutwa kwa pampu kutoka kwenye mapipa ya chini, inatolewa katika nyuzi 11 hadi 13 hivi. Wamarekani na Waaustralia wameicheka miaka nenda rudi kwamba ni bia ya moto. Waingereza walifanya nini? Mwaka 1993 waziri mkuu wao, John Major, alisimama kutoa hotuba akiwatuliza watu waliohofia Ulaya itameza nchi yao, na katika orodha ya vitu alivyosema vitakuwepo Uingereza miaka 50 baadaye, akataja bia yao ya moto. Walimtania, ndiyo. Lakini hakuna aliyesema anawatangazia ulimwengu umaskini wao. Bia yao ya moto ni urithi. Yetu ni ukosefu wa umeme.

Kwa nini? Mlimani Moshi na kule London watu wawili wanafanya jambo moja: kunywa bia isiyotoka kwenye friji kwa sababu wanaipenda hivyo. Mmoja anaitwa mlinzi wa utamaduni, mwingine anaitwa aliyebaki nyuma. Mwalimu wangu, mtu msomi na mwema, amekubali hesabu hiyo bila kuikagua. Anaamini kila kitu tulichofanya kabla ya friji tulikifanya kwa kukosa friji. Kwa hesabu hiyo hatujawahi kupenda kitu chochote. Tulivumilia tu mpaka mashine zikafika.

Ukweli ni kwamba friji imekuwepo kwenye baa za miji yetu kwa vizazi kadhaa sasa. Iko pale nyuma ya kaunta, inanguruma, ina taa ndani. Na mteja mwenye hela ileile, kwa bei ileile, anaitazama na kusema: ya moto. Huyo amechagua. Mwingine anasema baridi inamsumbua meno, mwingine kifua, mwingine anasema tu ndivyo anavyoipenda. Jirani zetu Wakenya nao wana wazee wao wanaoagiza Tusker ya moto kwenye hoteli zenye friji za kila aina. Huwezi kumwita mtu fukara wa kitu kilicho hatua tatu kutoka kwenye kiti chake.

Tena kwa Mafia hoja ya umeme inageuka. Kisiwa hiki kwa miaka mingi kimetegemea mitambo ya dizeli, mbali na gridi ya taifa. Na barafu hapa ina mwenyewe: ni ya samaki. Asubuhi nenda ufukweni Kilindoni uone madeli yanavyopangwa, samaki na pweza wakisubiri chombo cha kwenda bara, na barafu ikipimwa kama sukari. Barafu ikipungua, bei ya mzigo inashuka njiani, na anayelia ni mvuvi.

Nilipiga hesabu kwenye kitambaa cha meza, mwalimu wa hesabu akinisimamia. Kuishusha nusu lita ya bia kutoka nyuzi 29 hadi 4, pamoja na chupa yake, kunahitaji kuyeyusha karibu gramu 180 za barafu, ukiacha ile inayopotea hewani. Chupa 20 ni kilo tatu na nusu na ushee. Sisemi mnywaji wa baridi anamnyang'anya mvuvi, maana baa ina friji yake na mvuvi ana barafu yake. Nasema baridi ina gharama, na mahali ambapo mvuvi analipia kila kipande, mtu anayesema "mimi sihitaji" hastahili kuchekwa.

Mwalimu aliposikia hayo alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwa hiyo nikinywa ya baridi mimi ni adui wa wavuvi?" Hapana, mwalimu. Kunywa. Sina nia ya kufunga friji yako. Na hapa ndipo tunapotofautiana hasa: wewe ungeshinda, mimi ningepewa ya baridi kwa nguvu, kwa faida yangu. Nikishinda mimi, wewe bado unaulizwa.

Swali la mhudumu ndilo ninalolipigania. Kuna baa za Dar, zile za viti virefu na orodha ya vinywaji yenye picha, ambako halipo tena. Bia inakuja na ukungu, hujaulizwa. Ukiomba ya moto wanakwenda kuitafuta stoo kana kwamba umeomba mafuta ya taa, na kijana anairudisha akiwa na tabasamu la kukuhurumia. Wanasema wamefikia viwango vya kimataifa. Kiwango gani hicho kinachoanza kwa kumwondolea mteja maneno matano, "ya baridi au ya moto"? Sommelier wa Ufaransa analipwa mshahara mnono kwa kujua mvinyo upi unywewe kwenye joto gani na kumuuliza mteja anapendaje. Dada yetu wa Kilindoni anafanya kazi hiyo kila jioni, akiwa na trei mkononi na wateja wanne wanaobishana, na sisi tunaliona swali lake la kizamani.

Na ninyi waandishi mnaosoma hapa, hasa wa riwaya na hadithi fupi, nina ombi. Nimepitia hadithi nyingi za vijana wetu siku hizi, na mhusika akiingia baa tu, chupa lazima iwe "ya baridi kama barafu", lazima itoke jasho, lazima ashushe funda moja refu na kuvuta pumzi. Hilo ni tangazo la bia limeingia kwenye hadithi. Mwacheni mhudumu aulize. Mwacheni mhusika ajibu. Mtu wa Rombo aliyezoea ya moto, akiwa Masaki mbele ya bosi wake, atajibu nini? Mstaafu aliyekatazwa baridi na mkewe atajibu nini mke akiwa hayupo? Kwenye jibu hilo la maneno mawili kuna mhusika mzima, na mnampoteza kwa kumpelekea chupa ambayo hakuiagiza.

Mwalimu anasoma blogu hii. Kaka, maoni yako wazi hapo chini, na safari ijayo raundi ya kwanza ni yangu. Utaulizwa.